Chakula cha kwanza cha mtoto huanzia ghalani

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Machakos)



Mliomba tuongee juu ya chakula cha mtoto anapoanza kula. Naona wengi mmekuja na daftari, mkitazamia nitaje vyakula, mwandike, kisha twende nyumbani. Vyakula nitavitaja. Lakini kwanza tuelewane juu ya jambo moja, ambalo ningependa mrudi nalo hata mkisahau mengine yote. Chakula cha kwanza cha mtoto hakianzi kwa sufuria. Kinaanza siku ile mahindi yanapovunwa na kuanikwa, na siku ile watu wa nyumba wanapoamua ni kitu gani kitauzwa na ni kitu gani kitabaki. Mama akifika jikoni, mambo mengi yameshaamuliwa. Kwa hivyo nafurahi kuona akina baba hapa, kwa sababu maneno haya si ya akina mama peke yao.

Aanze lini?

Mtoto ale maziwa ya mama pekee, bila maji, bila uji, bila chai, mpaka atimize miezi 6. Baada ya hapo aanze chakula, na aendelee kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi.

Hapa huwa pana ubishi kidogo nyumbani. Susu anasema, "Sisi tuliwapa uji kwa miezi 4 na mlikua." Tusimcheke. Hasemi uongo. Miaka ile hata kliniki zilifundisha kuanza kati ya miezi 4 na 6. Ni mwaka wa 2001 ndipo Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza miezi 6 kamili, baada ya kuangalia utafiti wa nchi nyingi. Mafundisho yalibadilika, na anayeambiwa hivyo kwa heshima ataelewa.

Kwa nini tungoje? Kwa sababu kila kijiko cha uji anachopewa mtoto wa miezi 3 kinachukua nafasi ya maziwa yaliyo bora kuliko uji, na kinaweza kuleta uchafu tumboni na kuharisha. Na kwa nini tusingoje kupita miezi 6? Kwa sababu mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma, yale yanayotengeneza damu, na akiba hiyo huanza kwisha kufikia umri huo. Maziwa ya mama yana chuma kidogo tu. Ukimngojesha mpaka miezi 9, utaona mtoto amepauka na hana nguvu za kucheza.

Tumbo kama kikombe kimoja

Sasa hebu tufanye hesabu. Mtoto wa miezi 8 mwenye uzito wa kilo 8, tumbo lake hubeba kama mililita 240 hivi, yaani kikombe kimoja cha chai. Hapo ndipo pa kutia kila kitu: nguvu, damu, mifupa, akili.

Sasa angalia uji wetu wa kawaida. Tunachukua unga kiganja kimoja, tunatia maji mengi, tunakoroga mpaka uwe wa kunyweka, halafu tunatia sukari. Mtoto anakunywa kikombe kizima, tumbo linajaa, analala. Mama anafurahi, anasema ameshiba. Ameshiba maji. Baada ya saa moja analia tena, na watu wanasema mtoto huyu ni mlafi, au maziwa ya mama yamekwisha. Hapana. Kikombe kilijaa na hakuna kitu ndani yake.

Kipimo ni rahisi na hakihitaji mashine. Chota uji au chakula kilichopondwa kwa kijiko, halafu inamisha kijiko. Kama chakula kinamwagika mara moja kama maji, ni chepesi mno. Kama kinakaa kwa kijiko na kuteremka polepole, hicho ndicho cha mtoto. Mtoto wa miezi 6 hana meno, ndiyo, lakini ulimi na fizi zinaweza chakula kizito kilicholainishwa vizuri.

Uji mtupu hautoshi hata ukiwa mzito

Mahindi yana nguvu ya kumfanya mtoto atambae. Lakini hayana chuma cha kutosha, na protini yake haitoshi kujenga mwili unaokua upesi namna hiyo. Kwa hivyo kila mara tunapopika cha mtoto, tujiulize: huyu mwenye nguvu amekuja na nani?

Rafiki wa kwanza ni nafaka ya maganda. Hapa Ukambani Mungu ametupa nzuu (mbaazi), nthooko (kunde), ndengu na maharagwe. Loweka usiku, mwaga yale maji, pika kwa maji mapya mpaka zivunjike zenyewe, kisha ponda na upitishe kwa chujio ili maganda yabaki. Kile kinachopita ni laini kama siagi. Ndengu ndizo huiva upesi zaidi kwa kuni kidogo.

Rafiki wa pili ni kitu kinachotoka kwa mnyama: yai lililoiva kabisa, maini ya kuku yaliyopondwa, samaki, nyama iliyosagwa, maziwa. Omena zinauzwa karibu kila soko. Zioshe vizuri mchanga utoke, zitoe vichwa, zikaange bila mafuta mpaka zikauke, ziponde ziwe unga. Tia kijiko kidogo kwa chakula cha mtoto. Hivi ndivyo vyenye chuma ambacho mwili wa mtoto hukipokea kwa urahisi, na kidogo tu kila siku ni bora kuliko kilo moja ya nyama Krismasi.

Rafiki wa tatu ni mboga na matunda yenye rangi: majani ya kunde, terere, sukuma wiki, malenge, viazi vitamu vya rangi ya machungwa, papai, embe. Maembe huja kwa wingi kati ya Desemba na Machi, na mengi huoza chini ya miti. Mtoto wa miezi 7 anaweza kula embe bivu lililopondwa. Halinunuliwi, na lina vitamini A ya macho na ya kukinga magonjwa. Tena tunda lenye vitamini C, kama papai au chungwa, likiliwa pamoja na ndengu husaidia mwili kuchukua chuma kilicho ndani ya ndengu.

Mwisho, kijiko kidogo cha mafuta ya kupikia, au avokado iliyopondwa, huongeza nguvu bila kujaza tumbo.

Majirani zetu wa Uganda wana neno zuri kwa chakula cha namna hii. Wanakiita kitobero. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, kuna kitengo kiitwacho Mwanamugimu, kilichoanzishwa miaka ya 1960 kwa ajili ya watoto waliokonda au kuvimba kwa utapiamlo. Jina lenyewe limetoka kwa methali ya Kiganda isemayo kwamba mtoto mwenye afya hutokana na mbeleko, yaani malezi ya tangu uchanga. Huko mama alifundishwa kuchanganya ndizi au viazi, maharagwe au karanga, na kidogo cha samaki, nyama au maziwa, akaifunga kwa jani la mgomba na kuipika kwa mvuke ndani ya sufuria moja na chakula cha watu wazima. Angalieni werevu wa jambo hili. Hakuna kuni za pili, hakuna sufuria ya pili, na mtoto amepata chakula chake mwenyewe. Sisi tunaweza kufanya hivyo na isyo. Kabla hujatia chumvi, chota maharagwe au nzuu zilizoiva sana, ponda na kiazi au malenge, tia kijiko cha mafuta na majani yaliyokatwa laini. Hiyo ni kitobero ya Machakos.

Je, unga wa nafaka kumi?

Najua swali hili linakuja. Sokoni kuna unga wa uji uliochanganywa mahindi, wimbi, mtama, soya, karanga, omena, maharagwe, hata mbegu nyingine, vyote vikasagwa pamoja. Watu huamini kwamba vikiwa vingi ndipo mtoto anapata zaidi.

Mimi nasema tuwe waangalifu kwa sababu tatu. Kwanza, maharagwe na soya mbichi zilizosagwa zahitaji kuiva muda mrefu, na uji unaiva kwa dakika chache, kwa hivyo tumbo la mtoto linasumbuka na hata kinachofaa hakipokelewi vizuri. Pili, mtoto akipata shida ya ngozi au tumbo, huwezi kujua ni kitu gani kati ya vile kumi. Tatu, na hili ndilo kubwa: ukinunua unga uliosagwa, hujui ile nafaka ilikuwaje kabla ya kusagwa. Ukungu ukisagwa hauonekani.

Afadhali nafaka moja au mbili unazozijua, kwa mfano wimbi, au wimbi na mtama, halafu rafiki zake uwapike kando na kuwaongeza kwa bakuli.

Sumu isiyoonekana

Sasa tufike ghalani. Watu wa sehemu hii hatuhitaji kuelezwa sana neno aflatoksini. Mwaka wa 1981, wagonjwa 20 walilazwa hapa wilayani Machakos kwa ugonjwa wa ini uliotokana na mahindi yenye sumu hiyo, na 12 wakafa. Halafu mwaka wa 2004 likaja lile kubwa. Watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao Makueni na Kitui, na wengine hapa Machakos na Thika. Siku hizo wachunguzi walipima sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake kutoka masokoni, na zaidi ya nusu zilikuwa zimepita kiwango cha sumu kilichoruhusiwa wakati ule.

Wachunguzi waliuliza: ni kwa nini nyumba hii imeugua na ile ya jirani haikuugua? Jambo moja lililoonekana ni kwamba nyumba nyingi zilizougua zilikuwa zimeweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba badala ya ghalani. Unaweza kuelewa kwa nini mtu hufanya hivyo. Njaa imepita, mahindi ni machache, mtu anaogopa wezi na mvua, anayavuna mapema na kuyalaza karibu na kitanda. Alikuwa analinda chakula cha watoto wake. Lakini joto na unyevu ndivyo ukungu huo unavyopenda.

Kwa nini nayaleta haya kwa mazungumzo ya watoto wachanga? Kwa sababu mtu mzima hula mahindi na kitu kingine. Mtoto aliyeanza kula, chakula chake kingi ni unga, na mwili wake ni mdogo. Kiasi kile kile cha sumu kwa kilo 8 si sawa na kwa kilo 60. Sumu kidogo kidogo haiui mara moja. Mtoto anaonekana mzima, lakini wataalamu wanaihusisha na kukonda na kutokua. Utafiti mmoja wa Kisumu uliochapishwa mwaka wa 2004 uliangalia watoto 242 na unga wa uji wao, na wale waliokonda walipatikana zaidi kati ya waliokuwa wakila unga wenye sumu. Sumu si sababu ya pekee ya mtoto kudumaa. Kuna kuharisha, kuna njaa, kuna uji mwepesi. Lakini hii ni sababu ambayo tunaweza kuizuia kwa mikono yetu.

Tena tusijidanganye na moto. Kuchemsha hakuondoi sumu hii, wala kukaanga, wala kuchoma. Na unga wa dukani nao si kinga moja kwa moja, maana mwezi wa Novemba 2019 shirika la serikali la ubora wa bidhaa lilisimamisha aina 5 za unga wa mahindi kwa sababu hiyo hiyo.

Tufanye nini na mahindi?

1. Vuneni yakiwa yamekomaa na kukauka, na msiyarundike chini shambani. Mahindi yaliyoguswa na udongo mbichi huanza kuharibika hapo hapo.

2. Anikeni juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo mtupu. Yaondoeni kabla ya umande wa jioni.

3. Pimeni kwa chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, yenye kifuniko. Tia mahindi mpaka theluthi moja, ongeza chumvi kavu vijiko 2 au 3 vidogo, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache dakika 15. Chumvi ikishika kwa kioo, mahindi bado yana maji. Isiposhika, yako chini ya asilimia 15 hivi. Hata hapo ongezeni siku nyingine za jua, maana ya kuweka ghalani yanatakiwa kuwa kama asilimia 13.

4. Chagueni. Toa punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zilizonyauka na zilizoliwa na wadudu. Hizo mbaya ndizo huwa na sumu nyingi. Kisha msizipe kuku wala ng'ombe. Kuku hufa, na sumu ya ng'ombe hurudi kwa maziwa, na maziwa hurudi kwa mtoto. Zikeni kwa shimo.

5. Wekeni juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali pakavu penye hewa. Magunia yasiyopitisha hewa ni mazuri, mradi mahindi yawe yamekauka kwanza. Ukifunga mahindi mabichi humo, umeyafungia unyevu ndani.

6. Kumbukeni muthokoi. Wazee wetu walikoboa mahindi, na utafiti umeonyesha ya kwamba kukoboa hupunguza sumu, kwa kuwa sehemu kubwa iko kwa ganda na kiini. Haiimalizi, kwa hivyo mahindi mabaya hayawi mazuri kwa kukobolewa. Lakini unga wa mtoto uliotoka kwa mahindi mazuri, yaliyochaguliwa na kukobolewa, una usalama zaidi.

7. Iko pia dawa ya shambani iitwayo Aflasafe, ambayo kiwanda chake kilijengwa hapa kwetu Katumani. Ni ukungu usio na sumu, unaomwagwa shambani wiki 2 au 3 kabla ya mahindi kutoa maua, ili uwahi nafasi ya ule wenye sumu. Kiasi ni kilo 4 kwa eka. Mwulizeni ofisa wa kilimo. Mtu mmoja akinunua ni gharama, kikundi kikinunua pamoja inawezekana.

Na kama ghala limekwisha na inabidi kununua, wimbi na mtama kwa kawaida huwa na sumu hii kidogo kuliko mahindi. Hizo ndizo nafaka za nchi kavu, na tuliziacha bila kufikiri sana.

Kiasi gani, mara ngapi?

Miezi 6 hadi 8: anza na vijiko 2 au 3 vikubwa, ongeza polepole mpaka nusu kikombe, mara 2 au 3 kwa siku.

Miezi 9 hadi 11: nusu kikombe, mara 3 au 4, chakula kisipondwe sana ili ajifunze kutafuna.

Mwaka 1 hadi 2: robo tatu ya kikombe mpaka kikombe kizima, mara 3 au 4, na tunda au kitu kidogo katikati.

Kikombe hapa ni cha mililita 250. Ampe mtu aliyetulia, kwa bakuli lake mwenyewe. Mtoto wa mwaka mmoja akila kwa sinia moja na kaka zake wa miaka 5 na 7, atamaliza kutazama tu. Msimshike pua na kummiminia, anaweza kupaliwa. Akikataa, ngoja kidogo, jaribu tena. Akiwa mgonjwa, aendelee kunyonya na kula kidogo kidogo, na akipona aongezewe.

Vya kuacha

Chai: huzuia mwili kuchukua chuma, na hujaza tumbo bure.

Asali: najua hapa kwetu asali ni heshima na ni dawa. Lakini kabla ya mwaka mmoja asipewe hata kidogo, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyoleta ugonjwa wa kulegea mwili kwa mtoto mchanga.

Karanga nzima, mahindi ya kuchoma na peremende: zinaweza kumkaba. Karanga zisagwe, na zichaguliwe kama mahindi, maana nazo hushika ukungu ule ule.

Soda, juisi za pakiti, biskuti, sukari na chumvi: mtoto hazihitaji.

Chupa ya kunyonyea: ni ngumu kuosha. Tumia kikombe na kijiko. Na uji usikae kwa chupa ya chai kutoka asubuhi mpaka jioni, maana hapo wadudu huzaliana. Pika kidogo, apewe upesi. Mikono ioshwe kwa sabuni, ya mama na ya mtoto.

Kazi ya kikundi

Sasa nizungumze na kikundi kama kikundi. Nchi yetu imesonga mbele. Mwaka wa 2014, watoto 26 kati ya kila 100 chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, na kwa jirani zetu wa Kitui walikuwa 46. Mwaka wa 2022 hesabu ya nchi nzima ilikuwa imeshuka mpaka 18. Kwa hivyo jambo hili linawezekana. Lakini hao 18 wako na nyumba na majina, na wengine wao ni wa wanachama wetu.

Nataka niseme jambo ambalo si tamu. Katika vikundi, mchango wa kila wiki lazima upatikane. Mama ana kuku 4. Mayai yote yanauzwa ili alete mchango, na nyumbani mtoto anakunywa uji mtupu. Nzuu na ndengu zinauzwa kwa gunia mwezi wa mavuno bei ikiwa chini, na Novemba tunanunua kwa kikombe bei ikiwa juu. Kikundi kinakua, akiba inaongezeka, na mtoto hakui. Hicho si kujisaidia.

Sisemi msiuze. Ada ya shule hailipwi na mayai yaliyoliwa. Nasema mtoto aliye chini ya miaka 2 ahesabiwe kabla ya mnunuzi. Kwa hivyo napendekeza mambo manne kwa kila kikundi:

Moja, kila nyumba yenye mtoto mchanga iweke kando, siku ya mavuno, debe la mtoto: nafaka iliyochaguliwa na ndengu au nzuu, isiyouzwa. Baba ndiye atoe debe hilo mbele ya watu wa nyumba, ili lisiwe siri ya mama.

Mbili, kuku mmoja awe wa mtoto, na mayai yake yasihesabiwe kwa mchango.

Tatu, turudishe mwethya kwa kazi ya kuanika na kuchagua. Mama aliyejifungua juzi hawezi peke yake kuchagua magunia matatu kabla mvua haijarudi. Watu kumi watamaliza kwa asubuhi moja. Turubai na chupa ya kupimia viwe mali ya kikundi.

Nne, mwalikeni mhudumu wa afya ya jamii kwa mkutano mara moja kwa miezi mitatu aje na mkanda wa kupima mkono. Mtoto wa zaidi ya miezi 6 ambaye mkono wake uko chini ya sentimita 12.5 anahitaji kusaidiwa. Akiwa chini ya 11.5, au miguu imevimba, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asingoje kliniki ya mwezi ujao.

Haya yote hayahitaji mfadhili. Yanahitaji jua, mikono, na kukubaliana. Nimewaachia maswali machache. Msiyajibu haraka haraka, yapeni mkutano mzima, na mwache akina mama wachanga waseme kwanza.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Katika nyumba zetu, ni nani anayeamua mahindi gani yasagwe kwa ajili ya uji wa mtoto? Mama anaweza kukataa mahindi mabaya?

2. Mvua iliyopita tuliweka mahindi wapi, na kwa nini? Je, woga wa wezi unaweza kutatuliwa kwa pamoja?

3. Tulikula nini jana jioni? Ni sehemu gani ya chakula hicho ingepondwa ikawa kitobero?

4. Ni mayai mangapi yaliyouzwa na wanachama wiki hii, na mangapi yaliyoliwa na watoto?

5. Kabla ya mavuno yajayo, nani ataleta turubai, nani ataleta chupa na chumvi, na tutaanza na boma la nani?